Tulibishana kuhusu ndege za kivita, mpaka mbili zikapita juu yetu njia ya Merti

Asalaam aleikum wakuu, na wengine wote habari zenu.

Naona kila wiki mnavutana humu ni nini hufanya ndege ya kivita iwe kiboko angani. Niwaambie nilichoona kwa macho yangu. Shemeji yangu Guyo ni member hapa, nikitia chumvi atanikosoa.

Nina duka la spea za pampu mtaani Chechelesi. Guyo, kaka ya mke wangu, ana pickup. Wateja wakikosekana, tunabishana ndege. Yeye anashikilia speed: asiyeshikika hapigwi. Mimi nasema missile na radar, kwa sababu hakuna mbio za kushinda roketi.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka pampu Merti. Tairi ikapasuka karibu na birika ambapo Mama Dokata, mama mmoja Mborana, alikuwa ananywesha ngamia. Guyo akapiga jeki, akaingia chini ya gari kufungua tairi ya spea.

Ndege ikaja chini sana.

Wakuu, video hazisemi ukweli. Niliiona kwanza, kimya. Sauti ikafuata, na haikuingia masikioni, iliingia kifuani. Ikapanda wima, ikalala ubavu, ikakata kona huko juu kama mwewe. Machozi yalinitoka na sijui kwa nini. Hata Guyo alitoa kichwa nje, akabaki anaitazama.

Sote tulitazama hiyo moja.

Ya pili ilitoka nyuma yetu, chini kuliko ya kwanza. Nilijua iko wakati kivuli chake kilikuwa kimeshatupita.

Ngamia wakalipuka mbio kuja upande wa gari. Mimi niliganda. Mama Dokata alimshika Guyo mabega akamvuta kwa nguvu zote. Ngamia mmoja akagonga pickup, jeki ikateleza, gari ikaanguka pale kifua cha Guyo kilikuwa.

Guyo alikaa mchangani, shati limeraruka. Baadaye akaniuliza polepole, "Shemeji, ile ya pili ilitoka wapi?"

"Sijui."

"Basi hiyo ndiyo imeshinda."

Tulimsaidia Mama Dokata kukusanya ngamia mpaka alasiri. Wote walipatikana wazima, alhamdulillahi. Alipoulizwa tumshukuru vipi, alisema tumalize kufunga tairi, anataka lifti ya kwenda kwa dada yake.

Nilichojifunza: speed ni kitu, missile ni kitu, kukata kona pia. Lakini hizo zote zinamsaidia yule ambaye ameona kabla ya kuonekana, na ana mwenzake wa kumlinda. Sisi tulikuwa na macho mazima, mchana kweupe, na tulipitwa.

Wataalamu wa radar na stealth, ile ya ndege kujificha isionekane, karibuni mnirekebishe. Ila mwenye kubisha aniambie kwanza kama amewahi kusimama chini ya ndege kama hiyo.