Mfuniko Uliofunga Shule Yetu

Sisi tuliokulia Guangzhou, wazazi wetu wakinunua nguo za kupeleka nyumbani, tunajuana hata kwa pua. Mpe mmoja wetu shati jipya alinuse, utamwona anafumba macho. Harufu ya kitambaa kipya na mifuko ya nailoni ndiyo iliyokuwa harufu ya sebule zetu. Na ule mlio wa selotepu ikivutwa kufunga robota, kwetu ulikuwa ndio jogoo. Ukiusikia ujue kumekucha na Baba amesharudi kutoka soko la Shahe.

Nayaandika haya kwa wenzangu wa umri ule, na pia kwa sababu Mama amefariki. Tulimzika Moshi, na mimi nilikuwepo. Sikulia. Niliumia, lakini machozi hayakutoka, siku ile wala wiki zilizofuata, na shangazi zangu waliliona jambo hilo.

"Huyu mtoto wa Uchina," mmoja alisema jikoni, "moyo wake umepigwa selotepu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani chafu mkononi. Sikumkasirikia. Hata mimi nilikuwa najiuliza nina nini. Jibu nimelipata baadaye, na liko kwenye shule yetu, kwa hiyo lazima nianze na shule.

Shule yetu ilikuwa ghorofa ya saba, kwenye jengo lisilo na lifti, mtaa wa Xiaobei. Wanafunzi tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Eliya. Mwalimu alikuwa Mama. Shule za Wachina zilitaka karatasi ambazo wazazi wetu hawakuwa nazo, na shule za wageni zilikuwa za watoto wa watu wengine kabisa. Mama mwenyewe aliishia kidato cha pili. Baba alipomuuliza itakuwaje, alisema, "Niliyosoma nayakumbuka. Ambayo sikuyasoma nitayasoma na wao." Vitabu vilitoka nyumbani ndani ya masanduku ya wafanyabiashara wenzao, vimebanwa katikati ya dagaa na unga wa ugali. Mpaka leo nikifungua kitabu cha sayansi nategemea kusikia harufu ya dagaa.

Sare nazo zilitoka Moshi. Hebu fikiria, mji unaovalisha nusu ya Afrika, na sisi tunasubiri sketi na kaptula za bluu kutoka kwa fundi wa Moshi! Mama alizunguka Shahe nzima, akaenda mpaka vichochoro vya Shisanhang, ambako wabeba mizigo wanakusukumia kigari kisigino kabla hawajakupigia kelele upishe. Alirudi mikono mitupu. "Bluu wanayo," alisema. "Bluu ya shule hawana."

Sasa sikia utaratibu wake. Asubuhi tulikunywa uji wa mchele wenye karanga, tukavaa sare, kisha Mama akatutoa nje na kufunga mlango. Tulishuka ngazi zote mpaka chini, tukamsalimia mlinzi, halafu tukapanda tena. Juu tulipanga mstari, mstari wa watu wawili. Ndani tungesikia mfuniko wa sufuria ukigongwa kwa upawa, ngoo! Hiyo ilikuwa kengele. Mlango ukafunguliwa, na aliyefungua hakuwa Mama. Alikuwa amevua kanga, amefunga kilemba, na amevaa viatu, viatu vya kufunga kamba, ndani ya nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kucha."

Tulionyesha kucha. Kuanzia hapo mpaka mfuniko ugongwe tena mchana, kumwita Mama lilikuwa kosa. Eliya alikuwa anasahau kila mara. "Mama yenu yuko sokoni," angejibiwa bila hata tabasamu. "Akirudi nitamweleza tabia zako."

Mlinzi wa jengo, mzee mmoja wa Kichina mwenye chupa ya chai isiyoisha, mwanzoni alidhani tunaadhibiwa. Siku moja alitufuata taratibu mpaka juu, akajificha kwenye kona ya ngazi, akaona yote. Kesho yake tulipofika chini alitunyooshea kidole kwenye mikono yetu. Tukamwonyesha kucha. Akaitikia kwa kichwa kama mkaguzi wa elimu, akaturuhusu kupanda.

Aliyetucheka waziwazi ni Mama Swaleh, mama wa Mombasa aliyekaa ghorofa ya chini yetu na kununua viatu vya kupeleka kwao.

"Watoto washuke ngazi zote hizi, wapande tena, waje hapo hapo walipotoka? Mama Neema, wewe una wazimu."

"Shule ya kuamkia kitandani siyo shule," Mama alijibu.

"Haya. Na Baba Neema je, yeye hukwita nani? Hedimasta?"

Baba alikuwa amepiga magoti juu ya robota, selotepu mdomoni. Aliitoa akasema, "Mimi nilishafukuzwa, dada. Sikuleta ufagio."

Huo ndio ulikuwa utani wa nyumbani kwetu. Mchana tulicheza kombolela katikati ya marobota, na ukijificha vizuri ungeweza kupitiwa na usingizi huko na kukutwa jioni una alama za kamba shavuni. Rede tulichezea kwenye korido, na mpira tulisuka kwa vipande vya nailoni.

Mfuniko ulisafiri pia. Wazazi wetu ilibidi kila baada ya muda watoke nchini na kuingia upya kwa ajili ya viza, na sisi tulienda nao mpaka Hong Kong. Mama aliutia mfuniko kwenye mkoba. Mpakani ofisa mmoja aliutoa, akaugeuza, akachungulia ndani ya mkoba kutafuta sufuria. Hakuiona. Alituangalia sisi na sare zetu, akaurudisha polepole kama mtu aliyegusa kitu cha ibada. Ndani ya basi Mama aliugonga, abiria wakaruka, na shule ikafunguliwa. Tulisoma majina ya milima tuliyoipita, na ambayo hakuyajua tuliyabuni kwa muda mpaka tuyapate.

Siku nyingine Baba alitupeleka bandari ya Nansha kuona winchi zinazobeba makontena kama mtu anavyookota kiberiti. Mwalimu akauliza, "Mzigo wa Baba ukitoka hapa unapita wapi kabla ya kufika Moshi?"

Eliya alifikiri sana. "Unapita kwa kina Mama Swaleh."

Baba alicheka mpaka akainama. Mwalimu alimpa alama zote.

Nisisimulie utamu peke yake. Asubuhi moja niliteleza ngazini nikipanda kuja shule. Goti lilichanika. Nilifika mlangoni nalia, naita Mama, Mama. Mlango ulifunguliwa. Aliliosha lile goti kwa maji ya uvuguvugu, akalifunga kitambaa, kisha akasema kwa upole, "Neema, machozi ni ya Mama. Mwalimu hana pa kuyaweka. Subiri nifunge shule."

Nilisoma hesabu na goti linapwita. Mchana mfuniko ulipogongwa, alivua viatu, akakaa juu ya robota, akasema maneno aliyoyasema kila siku: "Shule imefungwa. Njooni kwa mama yenu." Nikalilia goti la asubuhi kana kwamba nimeanguka dakika ile. Alinishika mpaka nikamaliza. Hakuniambia nyamaza. Wapo watakaosema ule ulikuwa ukatili, na sina elimu ya kubishana nao. Ninachojua ni kwamba kila mara nilipolia nyumbani kwetu, nililia mpaka mwisho.

Kisha ikaja siku ya Bibi.

Tulikuwa tunasoma kwa sauti, zamu ya Eliya, habari ya msimu wa mvua. Baba aliingia saa ambayo huwa haingii. Alimnong'oneza Mama. Mama alisimama na chaki mkononi, halafu akasema, "Asante, Baba Neema. Tunamalizia kusoma." Eliya akaendelea. Alipokosea neno alimsahihisha. Alipofika mwisho wa ukurasa alimwambia vizuri, kaa.

Ndipo akauchukua mfuniko. Siku zote aligonga mara moja. Siku ile aligonga, akagonga tena, akagonga mpaka bati likabonyea katikati. Akavua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi, akasahau cha pili.

"Shule imefungwa," alisema. "Njooni kwa mama yenu. Bibi amefariki."

Na akalia. Mara ile sisi ndio tulimshika yeye.

Mama hakumzika mama yake. Pasipoti zetu zote nne zilikuwa zimekabidhiwa ofisini kwa ajili ya viza, na zikishaingia huko hakuna msiba unaozitoa kabla ya siku yake. Yeyote aliyeishi hapa Guangzhou anaijua hofu hiyo, ile wiki ambayo huna pasipoti unaomba Mungu nyumbani wasikupigie simu. Siku ya maziko Mama Swaleh alipanda na birika la chai ya tangawizi, akakaa sakafuni bila utani.

"Lia, dadangu," alisema. "Leo skuli haiko."

Miaka ikapita. Eliya alirudi nyumbani, kisha wazazi nao wakarudi, Baba akatangulia mbele ya haki. Mimi nilibaki. Sina cheti chochote, lakini biashara ya nguo naijua na mji huu ndio kwetu. Siku ya kufungasha, Mama aliniachia sufuria na akaweka mfuniko kwenye sanduku lake.

"Mama, sufuria bila mfuniko?"

"Funikia sahani. Mfuniko ni wa shule."

Nimefunikia sahani miaka yote hiyo.

Alipougua, pasipoti yangu ilikuwa mkononi, namshukuru Mungu. Nilipanda ndege, lakini sikumkuta hai. Nilichokiwahi ni maziko. Pale kaburini nilisimama wima, mikono ubavuni, kucha safi. Nilipofikiria baadaye niliona kwamba nilisimama vile tulivyosimama mlangoni na Eliya, mstari wa watu wawili. Mwili wangu ulikuwa shuleni. Ulikuwa unasubiri mtu afunge, na aliyekuwa anafunga tulikuwa tunamfukia.

Eliya yeye alilia siku ile ile, tena kwa sauti. Wakati naondoka alinipa kitu kimefungwa ndani ya kanga ya Mama. Niliujua kwa uzito wake kabla sijafungua.

"Uchukue wewe," alisema. "Mimi sikuusubiri. Nadhani wewe unausubiri."

Sasa nina binti, Upendo, wa miaka saba, na yeye pia anasomea nyumbani kama nilivyosoma mimi. Ila shule yake imo ndani ya kishikwambi. Mwalimu wake yuko Dar es Salaam na hawajawahi kuonana. Juu anavaa shati jeupe la shule, chini ana suruali ya kulalia yenye picha za sungura, kwa sababu mwalimu anaona mpaka kifuani tu. Shikamoo anatoa kwa kubonyeza picha ya mkono. Kucha zake hakuna anayezikagua, na mimi nikijaribu ananiambia, "Mama, wewe si mwalimu wangu," na ana haki. Kipindi kikiisha hakuna kinacholia. Kidole kile kile kilichokuwa kwenye hesabu kinahamia kwenye katuni, na ukimuuliza shule imeisha saa ngapi hajui. Sisi katikati ya nyumbani na shuleni tulikuwa na ghorofa saba. Yeye ana kidole.

Namtania, lakini simwonei. Anaimba vizuri kuliko sisi, anajua nchi ambazo sisi tuliziona kwenye ramani iliyochanika, na haogopi kuuliza. Mimi pia sijawahi kumsubirisha akilia. Sijui kama nimefanya vema.

Juzi mchana mvua ilinyesha ile ya hapa, inayogonga mabati ya viyoyozi mpaka husikii mtu. Nilikuwa nachemsha maharage kwenye sufuria ya Mama. Nikafungua kanga, nikautoa mfuniko, nikaifunikia sufuria. Ulikaa sawasawa, pamoja na kubonyea kwake. Nilikuwa na upawa mkononi. Nikasimama hapo muda, kisha nikaugonga mara moja.

Upendo alikuja mbio, kishikwambi kifuani. "Mama, nini kimeanguka?"

"Hakuna kilichoanguka. Shule imefungwa."

"Lakini mwalimu bado anaongea."

"Shule imefungwa," nilirudia, na sauti ikaanza kuniponyoka. Nilivua ndala. Nikakaa juu ya robota la magauni lililokuwa karibu na mlango. "Njoo kwa mama yako."

Alikuja, akasimama katikati ya magoti yangu, na hapo machozi yakatoka, ya kaburini, ya ndegeni, ya jikoni kwa shangazi zangu. Alishtuka kidogo, kisha akanizungushia mkono mmoja shingoni. Hakuniambia nyamaza, na hakuna aliyemfundisha hilo. Kwenye kile kishikwambi sauti ya mwalimu iliita, "Upendo? Upendo, unanisikia?"

Enzi zetu tungekaa kimya mpaka mwalimu mwenyewe afunge. Upendo alinyoosha kidole, akamzima mwalimu wake katikati ya sentensi, akakiweka kishikwambi chini, na kunishika kwa mikono yote miwili.