Mgeni Hapokelewi kwa Ngumi

Nilipokuwa mtoto pale Kisorya, macho yangu yalikuwaga maarufu kuliko mimi mwenyewe. Kwetu wanasemaga jicho la kulia likikuwasha, mgeni yuko njiani. Bibi aliyenilea akaongeza la kwake: fikicha mpaka liwe jekundu, usije ukamzuia mgeni.

Basi mimi nikawa wa kufikicha. Macho yaliniwasha karibu kila siku, hasa upepo ukipuliza vumbi na vile vijidudu vya ziwani vikija kama wingu. Nafikicha kwa ngumi, kwa kiwiko, kwa kona ya kanga ya bibi. Na mgeni anakuja kweli. Leo nacheka: tulikuwa tunakaa jirani kabisa na kivuko cha Ukerewe, mgeni angekosaje? Ila kipindi hicho hakuna aliyewaza hivyo. Wamama wa kukaanga samaki wakiniona tu, "Nyanjura, jicho linasemaje leo, tuongeze sato?" Nikisema waongeze, wanaongeza. Shule ubaoni sioni kitu, mwalimu ananiita mvivu, lakini kivukoni mimi ni nabii.

Asubuhi moja nikatangaza kwamba anakuja shangazi wa Bunda. Bibi akachinja kuku. Nikaenda kusimama magari ya Bunda yanapoishia, karibu na makaango ya wamama, kifua mbele.

Mama mmoja akashuka, akaja mpaka mbele yangu, akasimama kimya. Mimi niliona sura tatu zimepandana, kila moja na kivuli chake. Nikasema, "Shikamoo mama. Hujamuona shangazi yangu humo kwenye gari?"

Wamama wakacheka mpaka mmoja akadondosha mwiko. "Nabii hamjui mgeni wake!"

Shangazi hakucheka. Alinishika kidevu, akainua uso wangu juani. "Nyanjura, ni mimi." Akanishika mkono mpaka nyumbani, akamwambia bibi, "Mama, huyu mtoto haoni."

"Anaona wageni kabla hawajafika, wewe unasema haoni?"

"Wasiofika ndio anawaona. Mimi niliyefika hanioni."

Kesho yake tukaondoka watatu. Bunda walinipima, wakatuambia tuende mbele, Mwanza. Kule daktari akaeleza kwamba kioo cha mbele cha jicho kimekuwa chembamba, kimetokeza kama ncha ya yai, ndio maana taa moja naiona tatu. Ugonjwa unaitwa keratokonasi. Kuwasha ni aleji, matone yapo, ila kufikicha kunaliumiza jicho zaidi, na nikiendelea naweza kufika pabaya.

"Nani alikufundisha kufikicha hivyo?" akauliza. Bibi akajibu mwenyewe: "Mimi."

Tuliporudi, wamama wakauliza kama kawaida jicho linasemaje. Bibi, ambaye sijawahi kumsikia akirudisha neno lake, akasimama katikati ya makaango yao.

"Sikilizeni. Nilikosea. Jicho likiwasha, mgeni ameshafika mlangoni. Na mgeni hapokelewi kwa ngumi, anapokelewa kwa maji." Akalowesha kitambaa safi kwa maji ya baridi, akanifumbisha macho, akaniwekea mbele yao wote. Tangu hapo, mtoto yeyote pale kivukoni akipeleka mkono jichoni, lazima usikie mama mmoja anamwambia, "Wewe, mpe mgeni maji."

Shule niliiacha njiani. Lakini leo ni fundi simu hapa Nyasho, Musoma, na skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha naishika bila kubahatisha. Navaa lenzi ngumu kila asubuhi, na Mwanza walinifanyia matibabu ya kukaza kile kioo kisiendelee kutokeza. Kilichoharibika hakikurudi chote. Usiku taa bado zina mikia. Mteja akija na mtoto anayefikicha macho, naweka simu chini kwanza. Namwambia mtoto maneno ya bibi, halafu namwambia mzazi ampeleke akapimwe, asingoje mpaka mtoto amsalimie kama mgeni.

Watu wanajisifiaga bibi zao kwamba hawakuwahi kukosea. Wangu alikosea, akasema mbele ya watu, akatuachia msemo mzuri kuliko ule wa kwanza. Mimi najivunia huyo. Jicho likiniwasha nalowesha kitambaa, nafumba macho, nasubiri. Na wageni bado wanakujaga.