Chumba cha Mchuma Kahawa

Siku ya kwanza shambani nilivuta kahawa kama mtu anayenyonyoa kuku. Nilikuwa binti mgeni kutoka Singida, natetemeka kwa baridi ya Karatu. Nyapara, yaani msimamizi wetu, akanishika mkono. "Wee binti, unaua mti! Nyonga tunda, kikonyo kibaki. Hapo ndipo ua la mwakani linapotokea." Nikajifunza. Nyekundu inaingia kwenye kikapu cha kiunoni, ya kijani iache mtini. Asiyejua hilo asijiite mchumaji.

Wanyapara walikuja wakaondoka, mameneja nao. Mimi nilibaki, na mume wangu nilimzika huku huku. Tuliishi kambini, kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi. Ninyi mnaoanza kazi leo sikilizeni: chumba cha kambi si chako, ni cha kazi. Ukistaafu unatoka, isipokuwa mwanao ashike kazi shambani. Na mimi Singida sina tena kiwanja, wala ndugu anayeijua sura yangu.

Miguu iliponikataa, meneja alikuja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi. "Mama Paulo, umetumika vizuri. Lakini msimu ukiisha, chumba nakihitaji."

Paulo ni mwanangu pekee. Alikuwa dereva wa watalii, anawashusha wageni kreta ya Ngorongoro. Lile gonjwa liliposimamisha ndege, kampuni yao ilifunga, na mkewe akaenda kwao Endabash asirudi. Paulo akaja kwangu na begi moja. Nilimlisha, sikumhoji. Sasa aliposikia neno la meneja, kesho yake nikamkuta anajifunga kikapu changu kiunoni.

Wanawake wachumaji hawakumwacha bila utani. "Dereva, leo umetuletea wageni gani?"

"Ninyi," akasema. "Fungeni mikanda."

Alichuma misimu miwili. Jioni nilimkanda mikono kwa maji ya chumvi, naye alinichotea maji na kunipasulia kuni. Mtu mzima na mama yake chumba kimoja, pazia katikati. Kila mmoja anamsikia mwenzake akishusha pumzi, hakuna anayeuliza.

Kisha watalii wakarudi, na kampuni yake ya zamani ikamwita.

"Siendi, Mama. Nikiacha shamba, utalala wapi?"

"Umeshawajibu?"

"Bado."

"Basi usiwajibu upuuzi. Wewe ni dereva. Kahawa unaichuma kama mwizi."

Akacheka, halafu akalia, mwanaume mzima. Mimi nikajikongoja hadi kwa meneja, nikamkabidhi ufunguo.

Sasa nakaa Karatu mjini, katika chumba alichonipangia Paulo. Yeye yuko Ngorongoro siku nyingi kuliko za nyumbani. Majirani ni wema, lakini kila mtu na mlango wake. Kambini ukikohoa, ukuta wa pili unakuuliza una nini. Hapa nakohoa mpaka kikohozi kinachoka chenyewe. Sijuti. Mzazi na mtoto mkubwa hubebana, ila anayebebwa lazima ajue wapi pa kushuka.

Jioni Paulo hupiga simu kutoka huko juu, mtandao ukikatakata.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali na mlenda. Na wewe?"

"Nimeshiba, Mama."

Akikata, ndipo nabandika sufuria. Ugali wa mtu mmoja bado unanishinda. Mkono unamimina unga wa watu wawili.