Shangazi Waliyemwita Jikedume

Msiniambie "jikedume" ni utani tu. Maana yake naijua, nimeiona ikifanya kazi pale Mabira, kwa shangazi yangu mwenyewe.

Kwetu wafugaji mwanamke hakamui ng'ombe. Lakini vita vilipowachukua wanaume, shangazi alifunga kanga kiunoni akakamua. Hakuwahi kuolewa, na hakuficha kwamba hataki. Aliishi na mama mmoja wa Kirundi aliyekuja kuchuma kahawa akabaki. Mimi nilimwita mama mdogo. Mmoja akikamua, mwenzake anashika ndama. Ukoo mzima tulikunywa maziwa yale, na kanisani alishukuriwa mbele ya watu. Jikedume? Hakuna aliyethubutu!

Vita vikaisha, baba mkubwa akarudi. Ng'ombe wakamgomea. Akishika chuchu wanabana maziwa, na mmoja akaipiga ndoo teke ikabiringika. Watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu.

"Jikedume hili limeniharibia ng'ombe!" akafoka.

Asante ya punda mateke. Kufika Jumapili neno lilishafika kisimani, kilabuni, hata kwa mwalimu wa dini, na likawa mashtaka: wale wawili wanaishi kama mke na mume.

Kikao cha ukoo kikakaa, na rubisi, pombe ya ndizi, juu. Mimi nilikuwa darasa la nne. Niliitwa, nikawaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja. Baba mkubwa akaniuliza kwa sauti ya upole, mnafiki yule, "Mwanangu, shangazi yako na yule mgeni wana vitanda vingapi?"

"Kimoja," nikasema.

Mama mdogo akapewa mpaka asubuhi. Aliondoka na kitenge na jembe lake. Shangazi alimsindikiza hadi njia panda, akarudi akakaa mlangoni.

Jioni ng'ombe wakalia, viwele vimejaa. Baba mkubwa akaja, leo ana adabu. "Dada yangu, ng'ombe wanaumia."

"Kakamue," shangazi akamjibu. "Dume si wewe?"

Shangazi hakukamua tena mpaka anakufa. Wakose maziwa, nilisema moyoni, wafe na kiu!

Lakini mimi je? Shangazi hakunichapa, hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: mama mdogo alikuwa amenikosea nini.

Alikuwa hajanikosea kitu.