Hodi ya Bibi

Meza za mbao zikilowa mvua sokoni Woolwich, harufu yake hunirudisha utotoni, siku bibi aliponichukua kwa ndege kutoka hapa London kwenda kutazama kambi walimouawa Mayahudi.

Tulipofika kwenye banda la mbao walimolazwa wafungwa, wenzetu wa msafara waliingia moja kwa moja. Bibi alisimama mlangoni, mvua inamnyea, akajitanda mtandio wake vizuri.

"Hodi," aliita. Akangoja. Alipiga hodi mara tatu, na kwa kuwa hakuitikiwa, hakuingia.

Mtu aliyekuwa akitutembeza alininong'oneza, "Mwambie bibi yako humu hamna mtu."

Nikamwambia.

"Najua," alisema. "Waliokuja kumchukua babu yako kule Unguja, nao hawakupiga hodi."