Tawi Nililolitupa Nje ya Uzio

Naikumbuka asubuhi moja pale Ifakara, mwanangu, mwishoni mwa kiangazi. Mpunga wa kijiji cha Mbingu ulikuwa umejaa maghalani, na kila mwenye ghala alikuwa anatafuta lori kabla mvua haijaanza. Nakusimulia kwa sababu umeajiriwa majuzi kupanga madereva. Tena juzi kwenye simu uliniambia, huku unacheka kidogo, kwamba wawili kati yao "wanadeka tu, wamekataa gari." Mimi sikucheka. Nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika.

Haukukatika. Nilikuwa nimerudi kwa mawazo kwenye yadi ya malori.

Nilikuwa karani wa yadi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, shahada ya sosholojia, na shati la mikono mirefu nililolivaa kana kwamba Kilombero hakuna joto. Chuoni nilikuwa nimeandika tasnifu kuhusu sauti ya mfanyakazi. Ilipata alama nzuri. Mfanyakazi mwenyewe sikumhoji hata mmoja.

Nisikilize vizuri hapa, maana usipoelewa utaratibu wa pale hutaelewa kosa langu. Malori yalikuwa ya tajiri mmoja. Madereva hawakuwa wake. Walikuwa wa wakala wa kukodisha wafanyakazi, na mimi pia nilikuwa wa wakala. Dereva anafika asubuhi, anapewa lori lolote lililopo, anakwenda. Akisema lori ni bovu, tajiri anampigia wakala simu: "Huyu sitaki kumwona tena." Wakala anamfuta kwenye orodha, bila barua wala maelezo. Fomu yangu ya kila siku ilikuwa na mstari wa kujaza jina la dereva aliyekataa kazi. Mstari wa kuuliza amekataa kwa nini haukuwepo.

Basi madereva wakajitafutia njia yao. Unajua gari likiharibika barabarani dereva hukata matawi akayalaza nyuma yake, ili anayekuja ajue kuna jambo mbele. Wao waliyaleta mazoea hayo hadi yadini. Dereva aliyerudi na lori bovu aliliegesha, akaenda kwenye uzio, akakata tawi moja lenye majani, akalilaza chini ya bampa la mbele, akaenda zake nyumbani. Kesho yake aliyepangiwa lori hilo aliinama kwanza akachungulia. Akiona tawi, hapandi. Anakwenda kukaa kwenye benchi la fundi, kimya, na hakuna dereva mwingine atakayeligusa lori lile hadi fundi aingie chini yake. Hakuna aliyeuliza nani kaweka. Na kwa kuwa aliyeweka hakuwa na jina, hapakuwa na wa kufutwa.

Aliyenieleza hayo alikuwa Mzee Kastori, Mpogoro wa upande wa Mahenge, mkubwa kuliko wote pale, mwenye mvi za kuhesabika. Rozari ilining'inia kwenye kioo cha kila lori aliloendesha, na alipenda kusema kwamba Bikira Maria hakuwahi kumwahidi kumkanyagia breki. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimesimama nalishangaa tawi.

"Digrii," aliniita, maana ndilo jina walilonipa, "hilo usiliguse. Si takataka."

"Ni nini, mzee?"

"Ni sisi."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Chuoni tulifundishwa vizuri kutikisa kichwa.

Sasa ile asubuhi. Meneja wa wakala alipiga simu mapema: tajiri anakuja mchana na mgeni wake, anataka kuona yadi safi na malori yote yako barabarani. Mizigo ya Mbingu inasubiri. Nikatazama dirishani. Lori moja halikuwa na dereva, lile waliloliita Bibi Harusi kwa sababu lilikuwa haliondoki nyumbani mpaka lisukumwe. Chini ya bampa lake palikuwa na tawi. Fundi alikuwa amekwenda msibani Kiberege, na asingerudi hadi kesho yake.

Nilitoka nikasimama mbele ya lori lile. Nataka ujue, mwanangu, kwamba sikufanya kwa kutojua. Ningekuwa sijui ningekusimulia kwa raha zaidi. Nilisimama nikajenga hoja, kama tulivyozoezwa. Fomu haina nafasi ya kujaza tawi. Hakuna jina, kwa hiyo hakuna aliyekataa. Hakuna aliyekataa, kwa hiyo gari ni zima. Nikainama, nikalishika tawi kwa mkono huu wa kulia, nikalirusha nje ya uzio. Majani yake yalikuwa bado mabichi. Kisha nikafuta mkono kwa leso.

Saa mbili akaingia Masanja. Alikuwa kijana wa Kisukuma, wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Hakuwa kazini siku tatu. Mkewe alikuwa amejifungua. Kwa hiyo hakuna mwenzake aliyekuwa amemnong'oneza habari za Bibi Harusi.

"Wa kike, Digrii!" alipaza sauti tangu getini. "Nimempa jina la mama yangu. Ana sauti huyo! Nyumbani hatusikii hata redio."

"Hongera sana, baba mtoto."

"Nipe huyo Bibi Harusi wako, nimuwahishe Mbingu nirudi nikaangalie usingizi wangu ulipokwenda."

Nikampa funguo. Alikwenda hadi mbele ya lori. Akashika bampa, akainama. Akatazama upande wa kushoto, akatazama upande wa kulia, akasimama, akapangusa magoti.

"Safi," alisema, akapanda.

Mimi nilikuwa dirishani na kikombe cha chai. Kuinama kwake kulichukua muda wa kutosha kabisa kusema neno moja. Nimelipima tangu siku ile. Neno "subiri" halimalizi hata pumzi moja.

Alipokuwa anarudi na magunia, alasiri, aliteremka kuelekea kwenye daraja dogo upande huu wa Mbingu. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, na nyuma ya ng'ombe kina mama wawili na mizigo yao kichwani. Masanja alikanyaga breki, mguu ukaenda hadi chini bila kukuta kitu. Akakanyaga tena. Akazungusha usukani, akaliingiza lori mtaroni. Barabarani hakuumia mtu wala ng'ombe. Kebini ilijikunja juu ya mguu wake.

Kesho yake meneja alinipigia simu tena. "Andika taarifa ya ajali. Chanzo: uzembe wa dereva. Asaini, tumalize." Nikaandika. Nina mwandiko mzuri, na hata siku ile ulikuwa mzuri. Nikaitia karatasi kwenye bahasha, nikaenda nayo hospitali.

Mzee Kastori alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Nikamwamkia, akaitikia, akarudi kwenye mazungumzo yake na Masanja. Nilijikuta nimesimama katikati yake.

"Nililiweka mimi," alikuwa anasema, taratibu, kama anayemuuliza mtoto. "Kwa mkono wangu, Masanja. Upepo wa breki ulikuwa haukai. Sasa wewe hukuliona?"

"Niliinama, mzee. Haki ya Mungu niliinama." Masanja alifunika uso kwa mkono. "Sijui macho yangu yalikuwa wapi. Furaha ya mtoto, au usingizi. Kama ningewaua wale kina mama!"

"Basi, basi. Lala."

"Wenzangu wanasemaje?"

Mzee Kastori aligeuzia uso dirishani, nikajua wenzake wanasemaje. Wanasema Masanja amedharau tawi.

Ndipo Masanja akaniona na bahasha. "Umeleta karatasi, Digrii? Lete nisaini. Kosa ni langu." Akanyoosha mkono kupokea kalamu.

Ningeweza kumpa. Mwanangu, hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Saini ile ingempeleka mahakamani kwa uendeshaji wa hatari, na ingemfuta kwenye kila orodha ya kila wakala kutoka Mlimba hadi Kidatu. Na kabla ya mahakama, ingemfanya aamini maisha yake yote kwamba alikaribia kuua watu kwa sababu alifurahi kupata mtoto. Alikuwa ananiomba kalamu kwa heshima. Nilikuwa nayo mfukoni.

"Hukuliona kwa sababu halikuwepo," nilisema. "Nililitoa mimi. Nililitupa nje ya uzio. Nilikuona ukiinama."

Nilitegemea matusi. Ningeyapokea vizuri, matusi yana mwisho. Masanja alinitazama tu, kisha akatazama pale blanketi lilipokuwa limeinuliwa juu ya mguu wake. Mzee Kastori ndiye aliyesema, na hakupandisha sauti.

"Kijana, wewe umesoma. Tukisema, unaandika majina yetu. Tukinyamaza, unatupa matawi yetu. Sasa tuseme kwa kitu gani?"

Nilitoka nje na bahasha yangu.

Nilikaa kwenye benchi la korido, nikaigeuza karatasi, nikaandika upya nyuma yake: breki za lori zilikuwa mbovu, madereva walikuwa wameshalikataa, alama ya kulikataa iliondolewa na karani wa yadi. Chini nikaweka jina langu. Mwandiko ulikuwa mbaya. Nakala moja niliipeleka polisi, nyingine kwa wakala.

Asubuhi iliyofuata nilifika yadini nikakuta matawi chini ya malori yote saba yaliyobaki, hata yale mazima. Na safari hii madereva hawakukaa kwenye benchi la fundi. Kila mmoja alikuwa amesimama kando ya lori lake. Nikasema, "Shikamoo, Mzee Kastori." Hakuitikia. Alikuja hadi dirishani kwangu, akaweka funguo juu ya meza.

"Toa fomu yako. Ule mstari wa aliyekataa. Andika Kastori."

Nikaandika. Nyuma yake akaja mwingine, "Andika Fidelisi." Akaja wa tatu, mtani wao, na hata siku ile hakuweza kujizuia: "Niandike na mimi, tena vizuri. Mama mkwe wangu anadai sijawahi kukataa kitu chochote." Wakacheka kidogo. Mstari ule ulitengenezwa kwa jina moja. Nilijaza pembeni, nikajaza juu, nikamalizia nyuma.

Siku mbili yadi haikutoa lori hata moja. Meneja alipiga kelele kwenye simu, tajiri akaja mwenyewe akazunguka na kitambi chake kati ya matawi, akatishia kufuta wote. Lakini mvua ilikuwa inakaribia, na bonde zima halikuwa na watu wengine saba wanaoijua barabara ile. Siku ya tatu waliletwa mafundi wawili kutoka Morogoro. Malori manne yalipita ukaguzi wao. Matatu hayakupita.

Mimi, karani wao, walinifuta siku hiyohiyo. Makarani bondeni wapo wengi, na wana mwandiko mzuri.

Nilipokuwa natoka na sanduku langu, Mzee Kastori alikuwa amepiga magoti anaangalia hosi za lori jipya alilopangiwa. Nikamwamkia tena. Alimaliza kwanza hosi yake, akajipangusa mikono, akaniangalia.

"Marahaba," alisema, akanitaja kwa jina langu. Hakuniita Digrii. Kisha akainama tena chini ya lori.

Masanja hakushitakiwa. Mguu ulikatwa chini ya goti, na taarifa yangu ya kweli haikuurudisha. Hili usilisahau unaponisikia nikijisifu kwamba nilisema kweli; niliisema siku moja baadaye. Leo ana duka lake dogo Ifakara, na yule binti mwenye sauti ana watoto wake. Nikimtembelea huinama juu ya kaunta akachungulia miguuni kwangu. "Leo umeniletea tawi?" Hucheka hadi machozi yakamtoka. Mimi bado sijaweza kucheka naye.

Sasa wewe, mwanangu, una madereva wawili waliokataa gari. Nao ni wa wakala, najua, na kwenye simu yako kuna sehemu ya kubonyeza ili majina yao yatoke kwenye orodha. Fomu yangu imekuwa kioo cha simu, basi. Sikufundishi ufundi wa magari, siujui hadi leo. Nakuomba uondoke mezani. Nenda hadi lilipo gari, vua hilo koti, inama pale alipoinama dereva, uone anachokiona. Muulize gari linafanya nini kabla ya kumuuliza yeye ni nani. Na dereva anapokataa gari usiseme anadeka. Mwenye kudeka hahatarishi chakula cha watoto wake kwa ajili ya watu asiowajua darajani. Kama hawathubutu kusema, tafuta tawi lao liko wapi, maana lazima lipo, na ukiliona liache lilale pale hadi fundi afike. Wakubwa wakikutaka ujaze jina la aliyekataa, anza na lako. Watakufuta. Nilifutwa na nimezeeka vizuri tu, isipokuwa kwa asubuhi ile.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuinama na mdomo wa kusema "subiri" kabla lori halijaondoka. Akujalie kila unayempa funguo arudi jioni kwa miguu yake yote miwili, amkute mtoto wake analia, asisikie redio.