Udongo wa Kijivu

Manyunyu yameiangukia meza ya dada anayeuza udongo wa kula hapa Kariakoo. Harufu imepanda, nami nimeshindwa kuondoka.

"Nikufungie, dada?" ananiuliza.

Mama yangu alipokuwa mjamzito hakutaka udongo wa dukani. Alitaka wa bonde la Msimbazi, nyuma ya nyumba yetu Magomeni.

"Wa juu uache, huo mchanga umeletwa na mto," aliniambia. "Ukikuta mweusi unaonata, upite. Chimba mpaka uufikie ule wa kijivu, usiokwaruza meno."

Nilichimba kwenye matete, tope likinifika magotini. Mama akaufinyanga vijiti, akavianika juu ya bati uani. Kimoja alikimega kikiwa bado kibichi, akacheka.

"Mdogo wako hana subira huyu."

Alfajiri walimpeleka hospitali. Jioni shangazi akarudi peke yake, amebeba kanga za mama. Nyumba ikajaa watu, mikeka ikatandikwa mpaka barazani, na hakuna aliyenieleza kitu.

Kesho yake jua lilipowaka nilitoka uani, nikavigeuza vile vijiti upande wa pili, ili mama akirudi avikute vimekauka.